Nani Aandikishwe? Sifa za Kujiunga na Kisomo cha Watu Wazima katika Historia ya Masisi na Walikale

1.0 Utangulizi

Swali la nani anastahili kuandikishwa katika kisomo cha watu wazima huonekana kuwa swali la karani. Karani humwuliza mwombaji umri wake, humwuliza kama aliwahi kusoma, kisha huliandika jina lake au hulikataa. Fasili zinazotumika nazo ni fupi. Mwaka 1958 UNESCO ilipendekeza kwamba ahesabiwe kuwa na kisomo yule awezaye kusoma na kuandika, kwa kuelewa, maelezo mafupi na sahili yanayohusu maisha yake ya kila siku. Takwimu za kimataifa, kwa upande wake, humweka mtu katika kundi la watu wazima, kwa suala hili, afikishapo miaka 15. Kwa mujibu wa vipimo hivyo sifa za kujiunga ni mbili tu, yaani umri na kutojua kusoma.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika Masisi na Walikale, wilaya mbili za Kivu ya Kaskazini katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, sifa hizo mbili hazikutosha katika kipindi chochote. Mtu mzima aliingia darasani, mara nyingi, kwa kuwa jina lake lilikuwa limekwisha kuandikwa katika orodha nyingine: orodha ya wanaojiandaa kubatizwa, ya wafanyakazi, ya raia, ya wapokeao msaada, au ya wapiganaji waliosalimisha silaha. Orodha hizo hazikuandikwa kwa ajili ya kisomo. Kila moja ilikuwa na shabaha yake, na kisomo kilifuata nyuma. Ndiyo maana tunadai kwamba historia ya elimu ya watu wazima katika sehemu hizi ni, kwa kiasi kikubwa, historia ya orodha.

Neno lenyewe lastahili kuangaliwa kabla hatujaendelea. Katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo, kama katika Kiswahili cha kwingineko, kitenzi *kuandikwa* hakimaanishi kuingia darasani tu. Mtu huandikwa kazi, huandikwa kodi, huandikwa kura. Mwenyeji wa Masisi aliyezaliwa zama za ukoloni alikutana na kalamu ya *leta*, yaani ya serikali, kwanza kama mlipa kodi, na baadaye sana, kama alibahatika, kama mwanafunzi.

2.0 Mahali, Watu na Lugha

Masisi ni nchi ya milima na malisho, yenye rutuba na watu wengi, na eneo lake halifiki kilomita za mraba 5,000. Walikale iko upande wa magharibi, katika msitu. Eneo lake hupita kilomita za mraba 23,000, na kwa hiyo ndiyo wilaya kubwa kuliko zote katika mkoa, lakini vijiji vyake viko mbalimbali na barabara ni chache. Tofauti hii ya ardhi yafaa ikumbukwe, kwani darasa linalowezekana katika kilima chenye kaya mamia haliwezekani kwa njia ile ile katika msitu ambamo mwalimu hutembea siku nzima kufikia kijiji cha pili.

Wenyeji wa Masisi wanaotambuliwa kwa mila ni Wahunde, ambao lugha yao ni Kihunde. Pamoja nao wako wasemaji wa Kinyarwanda, baadhi yao wakiwa wazao wa watu waliohamishwa kutoka Rwanda na serikali ya Ubelgiji kati ya 1937 na 1955, katika mpango ulioratibiwa kwa ajili ya kupunguza msongamano huko Rwanda na kuyapatia mashamba ya walowezi wafanyakazi. Walikale ni nchi ya Wanyanga na Wakano hasa, na majina yao ndiyo majina ya sekta mbili za utawala wa wilaya hiyo. Humo pia wamo Wakumu, Watembo, Warega na Watwa.

Kiswahili kilifika kabla ya Wabelgiji. Katika miaka ya 1870 hadi 1890 misafara ya pembe na watumwa iliyokuwa na makao yake Nyangwe na Kasongo, Maniema, ilipenya msituni hadi nchi ya Wanyanga, na waliojiita waungwana waliacha jina lao katika namna ya Kiswahili iitwayo Kingwana. Baadaye misheni, mashamba ya walowezi na migodi vilikieneza zaidi. Kwa hiyo Kiswahili kilikuwa lugha ya kwanza ya wachache sana katika wilaya hizi mbili, na lugha ya pili ya wengi. Jambo hili tutalirudia, kwa kuwa lilikuja kuwa sifa ya kujiunga na darasa, ijapokuwa halikutajwa kama sifa.

3.0 Orodha ya Misheni

Mapatano ya mwaka 1906 kati ya Dola Huru ya Kongo na Vatikani yaliwakabidhi wamisionari wa Kikatoliki ardhi, na kwa upande wao waliahidi kuanzisha shule. Tangu hapo hadi miaka ya 1950 serikali iliiacha elimu ya Waafrika mikononi mwa misheni karibu yote. Ruzuku ilitolewa, tangu miaka ya 1920, kwa misheni zilizoitwa za kitaifa, yaani za Kikatoliki zenye asili ya Ubelgiji. Misheni za Kiprotestanti ziliingizwa katika mpango wa ruzuku baada ya Vita Kuu ya Pili tu.

Mtu mzima wa kwanza kukaa mbele ya mwalimu katika Kivu alikuwa, basi, mtu anayejiandaa kubatizwa. Mapadri Weupe, waliofanya kazi katika sehemu hizi, walifuata utaratibu uliowekwa na mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, wa kumwandaa mtu kwa miaka 4 kabla ya ubatizo. Katika muda huo alihudhuria mafundisho kwa siku zilizopangwa na jina lake liliwekwa katika daftari. Sifa za kuandikishwa zilikuwa za imani na mwenendo. Mwanamume mwenye wake wengi hakuweza kubatizwa mpaka abaki na mke mmoja, na katika jamii ambazo wakubwa wa ukoo ndio waliokuwa na wake wengi, sharti hilo liliwafungia mlango wazee wenyewe.

Yafaa tusizidishe hapa. Mwanafunzi wa katekisimu alikariri zaidi kuliko alivyosoma, na wengi walibatizwa bila kujua herufi. Kwa Waprotestanti, ambao walimtaka muumini aisome Biblia mwenyewe, uhusiano wa ubatizo na kusoma ulikuwa wa karibu zaidi. Hata hivyo, katika pande zote mbili, wazo la kusoma liliambatana na wazo la kuongoka. Jambo hili halikuwa la Kivu peke yake. Katika Buganda waongofu wa mwanzo waliitwa *abasomi*, na miongoni mwa Wakikuyu *athomi*. Majina yote mawili maana yake ni wasomaji. Katika Kiswahili padri husoma misa, na katika mashariki ya Kongo neno *mwalimu* lilimtaja katekista kabla ya kumtaja mtu wa shule. Aliyekataa dini alikataa darasa, na aliyenyimwa ubatizo alipungukiwa na sababu ya kuendelea kuhudhuria.

4.0 Orodha ya Kazi na ya Kodi

Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa na orodha zake. Ilihesabu wanaume wenye nguvu kwa ajili ya kodi ya kichwa, kwa ajili ya kazi za barabara, na tangu 1917 kwa ajili ya mazao ya lazima, ambayo yaliweza kumchukua mkulima hadi siku 60 kwa mwaka. Wakati ni sifa ya kujiunga isiyotajwa katika kanuni yoyote. Mtu ambaye siku zake zimegawanywa kati ya shamba lake, shamba la mlowezi na barabara ya serikali anaweza kuwa na haki ya kusoma, lakini saa ya kusoma hana.

Elimu ya watu wazima iliyokusudiwa na serikali ilianza kuwagusa wachache waliokwisha kupanda ngazi. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali iliwatilia maanani makarani, wauguzi na walimu waliotajwa kuwa wameendelea. Mwaka 1948 ilianzisha kadi ya ustahili wa kiraia. Aliyeitaka alipaswa kuwa mtu mzima, mwenye mke mmoja, mwenye mwenendo mwema, na mwenye kujua kusoma na kuandika au mwenye kumbukumbu ndefu ya utumishi. Mwaka 1952 uliongezwa utaratibu wa kumwandikisha Mwafrika chini ya sheria za Wazungu, na masharti yake yalikuwa magumu zaidi. Hadi 1958 kadi zilizokuwa zimetolewa nchi nzima zilikuwa takriban 1,500, katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 13. Hapa utaratibu uligeuzwa juu chini: kisomo, ambacho kilipaswa kuwa tunda la darasa, kilikuwa sharti la kukubaliwa kuwa mtu wa kupewa zaidi.

Kwa wanawake kulikuwa na nyumba za mafunzo ya jamii, zilizopata nguvu mijini na katika kambi za makampuni katika miaka ya 1940 na 1950. Huko walifundishwa ushonaji, upishi na malezi ya watoto wachanga. Aliyeandikishwa aliandikishwa zaidi kama mke wa fulani, na mumewe alikuwa mfanyakazi au karani. Mfuko wa Ustawi wa Wenyeji, ulioundwa mwaka 1947, ulijaribu kuifikisha huduma hiyo vijijini, lakini mwanamke wa msitu wa Walikale, ambaye mumewe hakuwa katika daftari la mwajiri yeyote, alikuwa mbali na mlango huo kwa njia na kwa hadhi.

Katika Masisi kulikuwa na orodha nyingine, nzito kuliko hizi. Waliohamishwa kutoka Rwanda waliandikwa, wakagawiwa ardhi, na kwa muda wakawekewa utemi wao wenyewe wa Gishari, uliofutwa mwaka 1957. Wahunde waliona ardhi yao ikitolewa kwa kalamu. Wahamiaji nao walipewa kwa kalamu kitu ambacho kalamu nyingine ingeweza kuja kukifuta. Jamii zote mbili zilijifunza mapema kwamba kuandikwa si jambo dogo.

5.0 Uhuru, Zaire na Mfano wa Jirani

Uhuru wa mwaka 1960 haukuleta kampeni ya kisomo mashariki ya Kongo. Vita vya miaka ya 1964 na 1965 vilivuruga shule, na mwaka 1962 Kifaransa kilikuwa kimekwisha kuwekwa kuwa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. UNESCO ilipofanya majaribio ya kisomo chenye manufaa katika nchi 11, kuanzia mwaka 1967, Kongo haikuwamo. Tanzania ilikuwamo, na jaribio lake lilifanyika katika sehemu za Ziwa, Mwanza ikiwa makao.

Ulinganisho huu una faida. Tarehe 31 Desemba 1969 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba 1970 ungekuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka uliofuata wilaya chache, Mafia na Ukerewe zikiwamo, ziliwekewa lengo la kufuta ujinga wa kusoma kabla ya wengine. Kufikia mtihani wa taifa wa Agosti 1975 zaidi ya watu milioni 5 walikuwa wameandikishwa, na idadi ya watu wazima wasiojua kusoma ilikadiriwa kushuka hadi asilimia 39. Vitabu vya mwanzo vya Mwanza vilihusu pamba, migomba, uvuvi na ufugaji, na lugha ilikuwa moja. Tanzania nayo iliandika orodha, na haikukosa shuruti ndani yake, kwani kutojua kusoma kulitosha kumwingiza mtu katika daftari hata asipoomba. Lakini orodha ile iliandikwa kwa ajili ya kisomo chenyewe. Sifa ya kuandikishwa ilikuwa haja ya kusoma.

Zaire ya Mobutu ilikuwa na jambo linalofanana kwa sura. Chini ya MPR, chama kilichoundwa mwaka 1967, kila Mzaire alihesabiwa kuwa mwanachama tangu kuzaliwa. Kila mtu mzima alipaswa kushiriki *salongo*, kazi ya pamoja ya lazima. Dola iliweza, basi, kumwandika kila mtu ilipotaka mikono yake. Kwa kisomo haikufanya hivyo. Elimu ya watu wazima iliwekwa chini ya mamlaka ya mambo ya jamii, mbali na wizara ya shule, na katika vijiji ilibaki zaidi kazi ya makanisa na vyama vya hiari. Shule zilitaifishwa mwaka 1974 na kurudishiwa makanisa usimamizi kwa mapatano ya mwaka 1977, na katika misukosuko hiyo mtu mzima hakuwa na mtetezi.

Hasara ya kutoandikishwa darasani ilionekana waziwazi katika ardhi. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya dola, na haki juu yake ikathibitishwa kwa cheti cha usajili. Cheti hicho, baada ya miaka 2 tangu kutolewa, hakikuweza kupingwa. Ardhi iliyotumiwa kwa mila iliachwa ingojee agizo la rais, ambalo halikutolewa. Katika Masisi, ambako mashamba ya walowezi yalikuwa yametaifishwa na kugawanywa kwa wakubwa, wenye elimu na uhusiano na ofisi walijipatia vyeti vya malisho makubwa, na kaya za wakulima zikajikuta zimo ndani ya mipaka iliyochorwa bila wao kujua. Miaka 2 ni muda wa kutosha kwa anayejua kuisoma karatasi na kuipinga. Kwa asiyejua kwamba karatasi ipo, ni muda wa kupoteza shamba. Wahunde walipoteza, na wasemaji wa Kinyarwanda maskini pia walipoteza. Mara nyingi ugomvi wa Masisi husimuliwa kama ugomvi wa makabila peke yake. Lakini upo pia, ndani ya kila kabila, mpaka kati ya aliyeweza kusoma cheti na asiyeweza.

6.0 Vita na Orodha za Msaada

Suala la uraia liliongeza hofu ya kalamu. Sheria ya mwaka 1972 iliwapa uraia kwa pamoja watu wenye asili ya Rwanda na Burundi waliokuwa wamekaa Kivu kabla ya 1950. Sheria ya mwaka 1981 ikaufuta. Sheria ya mwaka 2004 ikaweka msingi mwingine. Mwaka 1991 serikali ilipoanza zoezi la kuwatambua raia, Masisi ilitikisika. Tarehe 20 Machi 1993 mauaji yalianza katika soko la Ntoto, Walikale, yakaenea Masisi. Maelfu ya watu wa jamii zote walikufa na wengi zaidi walikimbia. Wakimbizi wa Rwanda waliingia mwaka 1994, vita ikafuata mwaka 1996 na tena mwaka 1998, na wilaya hizi mbili hazijapata miaka mingi ya utulivu mfululizo tangu hapo.

Katika hali hiyo orodha mpya zilizaliwa. Ya kwanza ni ya umri. Kongo hutenganisha vituo vya kufidia masomo, ambamo watoto wa miaka 9 hadi 14 waliokosa au walioacha shule husoma mtaala wa miaka 6 kwa miaka 3, na vituo vya kisomo kwa waliofikia miaka 15 na kuendelea. Mpaka huu una mantiki. Lakini kizazi kilichozaliwa vitani kiliuvuka kikiwa njiani. Mtoto aliyekimbia akiwa na miaka 8 na kurudi akiwa na miaka 15 hakuwahi kuwa na umri uliotakiwa mahali palipotakiwa. Kwa kituo cha watoto amekuwa mkubwa. Katika darasa la watu wazima hukaa na mama zake.

Orodha ya pili ni ya silaha. Tangu mwaka 2004 mipango ya kuwarudisha wapiganaji uraiani iliwapa mafunzo wale waliotambuliwa kuwa wapiganaji. Lengo lilikuwa jema, kwa kuwa asiye na kazi hurudi msituni. Hata hivyo katika kijiji kimoja kijana aliyebeba bunduki aliandikishwa, na jirani yake aliyekaa na jembe hakuandikishwa. Mpango ulioanzishwa mwaka 2021 ulikubali kosa hili kwa jina lake lenyewe, kwani ulitaja uimarishaji wa jamii nzima pamoja na upokonyaji wa silaha. Fundisho ni kwamba sifa ya kuandikishwa hufundisha jambo kabla ya somo la kwanza. Ikiwa bunduki ndiyo tikiti, bunduki itatafutwa.

Orodha ya tatu ni ya mgodi. Sheria ya madini ya mwaka 2002 inamtaka mchimbaji mdogo awe na kadi, na kadi hutolewa kwa raia mtu mzima. Mwaka huo huo kasiteriti iligunduliwa Bisie, katika Walikale, na maelfu ya vijana wakamiminika huko. Rubaya, katika Masisi, ikawa maarufu kwa koltani. Mchimbaji asiyejua kusoma huuza mzigo ambao uzito wake umeandikwa na mnunuzi, katika daftari la mnunuzi, na deni lake limo katika ukurasa ule ule. Ni vigumu kutaja mahali ambapo uwezo wa kusoma mistari michache ungeleta faida ya haraka zaidi; na vigumu vile vile kutaja mahali ambapo mtu hukaa kwa muda mfupi zaidi, kiasi kwamba darasa la miezi kadhaa humkosa.

Orodha ya mwisho ni ya kambi. Watu wa Masisi waliokimbilia pembezoni mwa Goma baada ya vita kuanza upya, mwishoni mwa mwaka 2021, waliandikwa kwa kaya, na mafunzo machache yaliyokuwapo yalifuata orodha hiyo. Januari 2025 M23 iliiteka Goma, na mwezi uliofuata kambi zikavunjwa na watu wakaamriwa warudi makwao. Aliyekuwa mwanafunzi kwa sababu alikuwa mkimbizi wa ndani alikoma kuwa mwanafunzi siku alipokoma kuwa katika orodha ya wakimbizi, ingawa haja yake ya kusoma alikwenda nayo.

7.0 Lugha kama Sifa Isiyoandikwa

Katiba ya mwaka 2006 yasema, katika kifungu cha 44, kwamba kuondoa ujinga wa kusoma ni wajibu wa taifa. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inaitambua elimu isiyo ya shule rasmi, na inakubali lugha za taifa au lugha za mazingira kuwa lugha za kufundishia. Kiswahili ni mojawapo ya lugha 4 za taifa. Wapenzi wa Kiswahili tutafurahi, na tuna haki ya kufurahi. Katika Masisi Kiswahili kina sifa moja adimu: si lugha ya mdai yeyote wa ardhi. Darasa la Kihunde lingeonekana la Wahunde, na darasa la Kinyarwanda lingeonekana la upande mwingine. Darasa la Kiswahili linaweza kuwakalisha benchi moja.

Lakini haifai tuishie katika furaha hiyo. Waliojifunza Kiswahili katika wilaya hizi walikijua kwa njia ya soko, kazi, jeshi na safari, na njia hizo zilikuwa za wanaume zaidi. Bibi aliyeishi maisha yake yote katika kijiji cha Wanyanga hulisikia neno la Kiswahili na kuelewa nusu. Akiambiwa asome katika lugha hiyo hujifunza mambo mawili kwa mara moja, herufi na lugha, na mwalimu asiyelitambua hilo humwona kuwa mzito wa akili. Hivyo lugha iliyochaguliwa ili isimfungie nje mtu wa kabila lolote humfungia nje mwanamke mzee wa kila kabila.

Walikale yenyewe ina ushahidi wa kutosha kwamba kutojua kusoma si kutojua. Utendi wa Mwindo, unaosimuliwa na kuimbwa na Wanyanga, ulipokewa kwa mdomo, ukanakiliwa katika miaka ya 1950, na kuchapishwa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, msomi Mnyanga ambaye baadaye aliongoza ofisi ya lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Kampala na kutetea matumizi ya lugha za Kiafrika katika elimu. Dunia ya wasomi iliujua ustadi wa Wanyanga kwa sababu lugha yao iliandikwa. Si haki kwamba mjukuu wa msimulizi aambiwe kwamba herufi haziwezi kuanza katika lugha hiyo hiyo. Njia ya kuanza na lugha ya kijiji na kuvuka kwenda Kiswahili haikidhoofishi Kiswahili. Huongeza idadi ya wanaokifikia wakiwa wanajua kusoma.

8.0 Hitimisho

Tumeona kwamba katika Masisi na Walikale sifa za kuandikishwa zilibadilika kwa kufuata shabaha za mwandishi wa orodha. Misheni ilitafuta muumini, serikali ya kikoloni ikatafuta mfanyakazi na karani, Zaire ikatafuta mwanachama, na miaka ya vita ikatafuta mpiganaji wa kutuliza na mkimbizi wa kuhudumia. Kila mmoja alifundisha watu, na si haki kuwanyima shukrani. Lakini hakuna hata mmoja aliyeanza na mtu anayehitaji kusoma kwa kuwa anahitaji kusoma.

Mwaka 2004, huko Eldoret nchini Kenya, mzee Kimani Maruge aliandikishwa darasa la kwanza la shule ya msingi akiwa na miaka 84, baada ya serikali kutangaza elimu ya msingi bila malipo. Kisa chake kilishangaza dunia, ingawa alichofanya kilikuwa kuyachukua maneno ya tangazo kama yalivyo. Kama elimu ni ya wote, naye alikuwamo.

Anayefungua darasa leo katika kilima cha Masisi au kijiji cha Walikale angefanya vema kuyatafakari mambo matatu kabla ya kufungua daftari. Asiombe kitambulisho, kwa maana katika nchi hii karatasi ya uraia imekwisha kumwaga damu, na herufi hazina uraia. Aulize mtu anasema lugha gani nyumbani, si ili amtenge, bali ili ajue aanzie wapi. Na aulize saa gani mwanamke huyu hurudi kutoka shambani, kisha afungue darasa saa hiyo. Umri na kutojua kusoma vinatosha kuwa sifa, kama vilivyotosha katika fasili ya vitabuni. Kazi iliyobaki ni kuhakikisha kwamba hakuna orodha nyingine inayosimama mlangoni kabla yavyo.